Flashi na Uso wa Mtu: Somo kwa Wapiga Picha wa Jumuiya

Msimu wa mahafali unakaribia, nami ni mmoja wa tunaokabidhiwa kamera ya jumuiya. Juu ya hukumu ya picha wanazuoni wamehitilafiana, na mwanafunzi kama mimi hataufunga mjadala huo. Nasema na yule aliyekwisha kuipokea kazi: hiyo ni amana. Huenda mama aliyeko kijijini asipate picha nyingine ya mwanawe akiwa amevaa joho.

Kwanza, usimwelekezee mtu flashi usoni moja kwa moja. Mwanga unaotoka kwenye kitaa kidogo ni mkali: paji la uso hung'aa kama lililopakwa mafuta, na kivuli cheusi huganda ukutani. Chumba kikiwa na giza, macho hutoka mekundu, kwa kuwa mwanga hupita kwenye mboni na kurudi na rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho.

Pili, igeuze flashi itazame dari nyeupe. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir mjini Cairo katika karne ya 11, alifundisha kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Basi dari iliyopigwa na flashi nayo huwa taa, tena taa pana, na mwanga wake hushuka laini. Dari ya rangi iepuke, maana uso utaichukua rangi hiyo.

Tatu, safari ya darini hula mwanga. Umbali ukiwa mara 2, mwanga hubaki robo. Mimi huanza na ISO 800, tundu la lenzi f/4 na kasi ya 1/60, ili mwanga wa ukumbi nao uingie, nyuma kusiwe giza.

Nne, hijabu nyeupe huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi hupunguza flashi, na uso mweusi hufifia. Ongeza flashi kidogo, +2/3 au +1, kisha ukague uso kwenye kioo cha kamera kabla ya kuangalia nguo.

Mwisho, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Akikataa, shusha kamera. Na khutba ya nikahi ikianza, zima flashi usikilize.

Wabillahi tawfiq.