Somo: Meli Iliyokwama Rufiji, na Sinema Yake



Tukitaja hadithi za watu waliotupwa na bahari, wengi hukumbuka Robinson Crusoe, kitabu cha Daniel Defoe cha mwaka 1719, ambacho kimefanywa sinema mara nyingi. Sisi wa Dimani hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Delta yetu nayo iliwahi kuwafungia mabaharia zaidi ya mia tatu, na habari zao zikazaa riwaya, na riwaya ikazaa sinema.

Riwaya ni Shout at the Devil ya Wilbur Smith, iliyotoka mwaka 1968. Sinema ya jina hilohilo ilitoka mwaka 1976, chini ya Peter Hunt, na wachezaji wakuu ni Lee Marvin na Roger Moore. Vijana wetu wameiona, na mmoja alitujia akisema kwamba Wajerumani walishindwa Rufiji kwa sababu watu wachache walitega bomu ndani ya meli. Ndiyo sababu ya somo hili.

Katika sinema meli inaitwa Blücher. Meli ya kweli ilikuwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Unguja, kisha, mitambo yake ikiwa imeharibika, ikarudi kujificha humu kwenye mikoko. Vipande vya boila vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Anayejua matope ya huku wakati wa masika na apime mwenyewe kazi ile. Waliokokota ni Waafrika.

Waingereza waliziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli ya makaa, Newbridge, mwezi Novemba 1914. Januari 1915 waliiteka Mafia. Mwindaji Pretorius, akisaidiwa na wenyeji, alipenya kwenye vijito akapima kina cha maji na kuchunguza kupwa na kujaa. Hapo zikaletwa manowari mbili zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, na ndege za kuonyesha risasi zinapoangukia. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikutosha. La tarehe 11 lilitosha. Nahodha Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe. Kwa hiyo bomu lilikuwapo, ila lilikuwa la Wajerumani wenyewe! Mizinga yake 10 ilitolewa majini ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Kubadili mwisho wa habari ni ruhusa ya mtunga riwaya, wala hatumlaumu kwa hilo. Linalotusumbua ni jingine. Sinema ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, na sehemu nyingine Malta. Mtumishi wa mwindaji anaitwa Mohammed. Ni bubu, na aliyemwigiza ni Mwingereza, Ian Holm. Huyo ndiye mtu wa pwani tuliyepewa: hana ulimi, na hata uso wake ni wa kuazima.

Sasa fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Paulo na wenzake, watu 276, walivunjikiwa na meli katika kisiwa hichohicho cha Malta. Mwandishi, naye mgeni, anaeleza jinsi wenyeji walivyowawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Anaandika hata walichosema wenyeji walipomwona nyoka mkononi mwa Paulo, kwanza walipokosea na baadaye walipobadili mawazo. Publio anatajwa kwa jina, na ugonjwa wa baba yake pia.

Waliokokota boila hawakupata mwandishi wa namna hiyo. Nahodha tunalo jina lake, na mwindaji, na meli zote, hata ile ya makaa. Wapagazi wa vita ile wameachia jina mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, lakini ni jina la kundi zima.

Kwa kikao kijacho cha kujifunza, kila mmoja asome sura hizo mbili na kuandika mambo yote waliyoyatenda watu wa Malta. Kisha aulize nyumbani, na kwa majirani zetu Waislamu pia, maana habari hii ni yao kuliko yetu: nani katika ukoo alichukuliwa kazi wakati wa vita ya Mjerumani? Aliitwa nani? Alirudi? Leteni majina kwenye karatasi. Hata jina moja tu tutaliandika.