Bundi Aliyetoweka na Hamira Iliyokufa: Swali la Uhai katika Ngeli ya A-WA

Mwanafunzi hufundishwa kwamba ngeli ya A-WA ni makao ya viumbe wote wenye uhai isipokuwa mimea. Makala haya yanadhamiria kuupima ufafanuzi huo kwa viumbe wawili (na tayari kwa kusema 'wawili' nimeipendelea hamira).

Wa kwanza ni bundi wa New Zealand ambaye Wamaori walimwita whēkau. Bundi huyo alitaga katika nyufa za miamba, karibu na ardhi. Walowezi walipoingiza vicheche wa Ulaya katika miaka ya 1880 ili wawapunguze sungura, alikuwa windo jepesi. Wa mwisho aliyethibitishwa alipatikana akiwa amekufa huko Canterbury mwaka 1914. Zaidi ya karne imepita, ila bado twasema 'bundi huyu ametoweka', kamwe si 'bundi hii imetoweka'. Kifo hakimtoi katika A-WA.

Hamira nayo ni kuvu ndogo mno, isiyoonekana kwa macho ikiwa seli moja moja. Hula sukari, hutoa hewa ya kaboni na huzaana kwa kuchipuza. Ikumbukwe kwamba kuvu si mimea. Kwa nasaba zimekaribiana zaidi na wanyama. Hazijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua, na kuta za seli zake zina kitini, dutu iyo hiyo iliyomo katika gamba la panzi. Hata hivyo, unga wa mahamri ukikataa kuumuka, mpishi hulalamika: 'Hamira hii imekufa.' Anakiri kwamba ilikuwa hai, lakini haitoi katika I-ZI!

Je, sababu ni udogo? La. Bakteria ni wadogo kuliko hamira, nao huandikwa 'bakteria hawa', pengine kwa kuwa tuliwajua kwanza kama vijidudu. Virusi navyo vimepata 'hivi' kwa bahati ya silabi yao ya kwanza, hata pakazuka umoja 'kirusi'. Aidha, matumbawe hujengwa na wanyama, lakini twasema 'matumbawe haya', kwani mwashi wa pwani aliyakata kama mawe.

Kwa maoni yangu, A-WA haiulizi kama kitu kina uhai, bali kama wasemaji walikihesabu kuwa mtu au mnyama. Basi mtahiniwa aandikaye 'hamira huyu amekufa' ameifuata kanuni tuliyompa neno kwa neno. Tutamkata alama kwa kosa la nani?