Pesa kwa Ndugu Aliye Gerezani: Uliza Kwanza Anashikiliwa kwa Nini

Kijitabu hiki ni cha wazazi, ndugu na marafiki wa watu walio katika magereza ya Kenya. Habari zikifika nyumbani kwamba mtu wenu yuko ndani, watu huanza kuchanga: huyu elfu moja, yule mia tano, zipelekwe haraka. Moyo huo ni mwema. Lakini pesa hizo zina njia tatu za kupita, na familia nyingi huijua moja tu, ya sabuni na dawa ya meno, ilhali nyingine ingemtoa mtu wao akarudi nyumbani.

Akiwa mahabusu

Mahabusu bado anangoja kesi yake iamuliwe. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Iwapo kiasi cha dhamana kimewashinda, mshtakiwa mwenyewe anaweza kusimama mahakamani na kuomba kipunguzwe. Wengi hunyamaza wakidhani hakimu atakasirika. Ombeni bila woga.

Tena dhamana ya pesa taslimu si faini. Kesi ikiisha na mshtakiwa amehudhuria kila alipoitwa, pesa hurudishwa kwa aliyeziweka. Risiti iwe na jina lake, nayo itunzwe kama hati ya shamba.

Akiwa amefungwa kwa kukosa faini

Hapa ndipo panapotuuma zaidi, kwa kuwa kuna watu wanaolala gerezani kwa sababu ya pesa ambazo ukoo mzima ungeweza kuzichanga. Hakimu akisema "faini shilingi 30,000 au kifungo cha miezi sita", na pesa zikakosekana siku hiyo, familia huona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Faini inaweza kulipwa hata baada ya mtu kuanza kutumikia kifungo, na inaweza kulipwa kwa sehemu. Sheria inataka siku za kifungo zipungue kwa kadiri ya pesa zilizolipwa.

Chukueni mfano huo huo. Miezi sita ni kama siku 180. Mkilipa shilingi 10,000, yaani theluthi ya faini, theluthi ya siku inaondoka, nazo ni 60. Maana yake ni kwamba aliyekwisha kukaa siku 120 anaweza kutoka kwa shilingi 10,000 tu. Kila siku anayoitumikia inapunguza kiasi kinachobaki kumtoa, na jambo hili halitangazwi vya kutosha. Mfungwa amweleze mkuu wa gereza kwamba anataka kulipa sehemu ya faini. Atapelekwa mahakamani, nayo mahakama ithibitishe siku zilizopunguzwa.

Muangalie pia urefu wa kifungo chenyewe. Pale ambapo sheria nyingine haikutaja muda wake, Kanuni ya Adhabu imeweka mwisho: faini isiyozidi shilingi 500, siku 14; hadi 2,500, mwezi mmoja; hadi 15,000, miezi mitatu; hadi 50,000, miezi sita; zaidi ya hapo, miezi 12. Mtu wenu akiwa amepewa zaidi, tafuteni wakili au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Na kama pesa hazipatikani kabisa, ulizeni kuhusu kutumikia jamii badala ya kifungo, chini ya sheria ya mwaka 1998.

Pesa za matumizi

Mfungwa haruhusiwi kukaa na noti mfukoni. Pesa anazoletewa huwekwa ofisini kwa jina lake, naye hununua vitu vidogo kantini. Nendeni gerezani mkiwa na jina lake kamili kama lilivyo kwenye karatasi za mahakama, pamoja na nambari yake ya gereza, mkaulize utaratibu wa hapo. Mdai risiti hata kwa shilingi mia mbili. Mahabusu ana nafuu zaidi, kwani anaweza kuruhusiwa kuletewa chakula, nguo na matandiko kutoka nyumbani.

Simu inayotisha

Mtu anapiga usiku, anajiita afande, anasema ndugu yako ameanguka, anahitaji dawa, tuma pesa kwa nambari hii sasa hivi. Usitume. Hata akijua jina la ndugu yako na kosa lake, usitume, kwa sababu kesi husomwa hadharani na yeyote anaweza kuzisikia. Faini na dhamana hulipwa kwa akaunti rasmi ya Mahakama, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Kata simu, kisha asubuhi uende gerezani au utume mtu wa karibu akaulize.

Kabla hamjachanga tena, mmoja wenu aende masjala ya mahakama iliyomhukumu, akiwa na nambari ya kesi, aulize maswali mawili: faini ilikuwa kiasi gani, na sasa imebaki kiasi gani?