Punda Akinyamaza

Mji wa kale wa Lamu una vichochoro visivyopitisha gari. Lori lake ni punda. Daktari wa mifugo anajibu maswali ya wenye punda.

Daktari, punda wangu tangu asubuhi kainamisha kichwa pembeni, majani hayagusi. Lakini hagaagai. Nimwache apumzike?

Usimwache. Farasi akisokotwa na tumbo hujibwaga chini, hutoka jasho, hugeuka kutazama ubavu wake. Punda huumwa vilevile ila hunyamaza. Ukimwona anagaagaa, ujue umechelewa. Asante ya punda ni mateke, wanasema. Mimi huanza kuogopa mateke yanapokoma.

Tega sikio ubavuni, kulia na kushoto. Tumbo zima hunguruma, na kimya kirefu ni dalili mbaya. Kisha weka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, uhesabu moyo: punda mzima aliyetulia hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika. Ukipata 70, mwite daktari saa hiyohiyo. Tazama na mavi aliyoacha usiku. Yana mchanga? Vipande vya nailoni? Punda anayekula jalalani humeza mifuko ikajisokota tumboni kama kamba, na hiyo hakuna dawa ya kunywa inayoitoa.

Maji mwachie. Mafuta ya kupikia usimmiminie kwa chupa: yakiingia mapafuni, utakuwa umemwongezea ugonjwa.

Lakini ni mnene. Siku mbili bila kula si atavumilia?

Huyo mnene ndiye wa kukimbiliwa, hasa jike mwenye mimba. Asipokula, mwili huyafungulia mafuta uliyoyaweka, yakajaa kwenye damu hadi ini likazidiwa. Akiba yake ndiyo inayomuua.

Kidonda cha mgongoni nakipaka oili chafu ya injini.

Acha, bwana. Oili inaunguza nyama. Chemsha maji, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa lita, yakipoa uoshe. Ila hakitapona chini ya shogi ileile iliyokichimba. Mpumzishe hadi ngozi izibe.

Alikanyaga msumari wiki iliyopita. Leo anatembea vizuri.

Hapo ndipo penye hatari. Ugonjwa wa pepopunda jina lake lenyewe lina punda ndani, na kweli farasi na punda huupata upesi kuliko ng'ombe. Tundu la kwato huziba juu, vijidudu vikabaki ndani pasipo hewa; dalili huja baada ya wiki moja hadi tatu. Masikio husimama, mkia hukakamaa, na ukimshtua, utando wa pembeni mwa jicho huruka kulifunika. Taya zikishafunga, tiba ni ngumu na ghali. Mpeleke leo tundu lisafishwe, achomwe sindano ya kinga.

Na kwato nikate lini?

Kila wiki 6 hadi 10. Kwa kisu cha kwato na tupa, si kwa panga.