Ukungu wa Mirihi: Maji Yanayopanda na Kushuka

Hewa ya sayari ya Mirihi ni nyepesi mno. Kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya ile tunayoishi nayo duniani, na mvuke wote wa maji uliomo, ukikusanywa na kutandazwa chini, ungefanya utando mwembamba kuliko unywele. Hata hivyo ukungu hutanda huko, na unapotanda ni dalili kwamba maji yako safarini kati ya udongo na hewa.

Phoenix ilikuta nini?

Tarehe 25 Mei 2008, chombo cha Marekani kiitwacho Phoenix kilitua katika nyanda za kaskazini mwa Mirihi, kwenye latitudo ya nyuzi 68. Mkono wake ulichimba sentimita chache tu ukagota kwenye kitu kigumu. Vipande vyeupe vilivyofukuliwa vilitoweka baada ya siku chache. Vingekuwa chumvi visingetoweka hivyo: ilikuwa barafu ya maji. Wala haikuyeyuka: katika hewa nyepesi na baridi kiasi hicho, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja.

Chombo hicho kilibeba pia kifaa kutoka Canada kilichorusha mwali wa leza angani na kupima mwanga uliorudishwa na vumbi na chembe za barafu. Majira ya joto yalipokuwa yakielekea ukingoni na usiku kuzidi kuwa baridi, kifaa kiliona mawingu ya barafu yapata kilomita 4 juu, na ukungu karibu na ardhi. Kisha chembe za barafu zikaonekana zikidondoka kutoka mawinguni. Theluji ilikuwa ikianguka Mirihi!

Mchana jua hupasha ardhi joto, na unyevu ulioshikwa na udongo hutoka ukiwa mvuke. Usiku ardhi hupoa haraka. Mvuke huganda na kuwa ukungu, au sakitu juu ya mawe, kama ile iliyopigwa picha na chombo cha Viking 2 mwaka 1979. Mwingine hurudi kunaswa na udongo, na hapo ndipo penye uzito zaidi kwa maoni yetu: kiasi ambacho udongo hutoa na kiasi unachonasa tena ndicho kinachoamua kama barafu iliyofukiwa itadumu au itapotea.

Msomaji asidhani kwamba hewa ikishiba unyevu usiku, basi Mirihi imelowa. Kwenye baridi kali, mvuke kidogo sana unatosha kuishibisha.

Phoenix ilinyamaza Novemba 2008, mwanga wa jua ulipopungua mno kuipa umeme. Tangu 2012 chombo cha Curiosity kinapima unyevu karibu na ikweta ya Mirihi kwa kihisi kilichotengenezwa Ufini. Vipimo vya vyombo hivi viwili viko wazi kwa yeyote mtandaoni, bila malipo. Walimu wa fizikia na jiografia, wapeni wanafunzi wenu wavichambue.