SOMO LA MWEZI: KUSHUKURU NA KUPIMA

Neno la kusoma: 1 Wathesalonike 5:16–22, Matendo 17:5–10



Katika barua hii Paulo anatuagiza kushukuru katika kila jambo. Mistari michache mbele anatuagiza kupima mambo yote na kushika lililo jema. Wengi wetu tunapenda agizo la kwanza na kuruka la pili. Tukumbuke kwamba Wathesalonike walishtakiwa kuwa na mfalme mwingine, Yesu. Yasoni alitozwa dhamana, na Paulo akatoroshwa usiku. Aliyeandika haya alijua kukimbia, kama sisi.

1. Shukrani isitufumbe macho

Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971, wengi mjini Kampala walishangilia. Mwaka huo huo mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili ulirudishwa kutoka Uingereza, na shukrani zikaongezeka. Kushukuru kwa jema lile hakukuwa kosa. Lakini wakati huo huo askari wa Acholi na Lango walikuwa wakiuawa katika kambi za jeshi.

Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho, hakufumba macho. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa. Askofu Festo Kivengere alikimbilia Rwanda kwa miguu, kisha akafundisha kumsamehe Amin. Alisamehe bila kuficha kweli.

2. Uamsho nao hupimwa kwa matunda

Uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulifanya watu watubu waziwazi, warudishe vitu vya wizi na kuitana ndugu na watu wa kabila jingine. Hayo ni matunda mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mwaka 1994, katika nchi hiyo hiyo, wabatizwa walikuwamo kati ya wauaji. Nyimbo na machozi havimlindi jirani kama kabila limekalia kiti cha Bwana moyoni.

3. Na sisi hapa kambini

Mtu akitoa unabii katika mkesha kwamba fulani atatawala nyumbani, au kwamba tutarudi mwezi fulani, tusimzimishe Roho. Wala tusikimbilie kuuza sufuria na turubai kesho yake. Tuulize kwanza:

– Je, ujumbe huu unamwinua Yesu au mwanasiasa?
– Unatupatanisha na jirani wa kabila jingine, au unatutenga naye?
– Anayeutoa anadai fedha?
– Aliyotabiri zamani yalitimia? (Kumbukumbu la Torati 18:22)

Vivyo hivyo, tuwashukuru kwa moyo wote wenyeji waliotupokea na wale wanaotugawia chakula. Lakini mgao ukipunjwa, kusema kweli kwa upole si kukosa shukrani.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Wiki hii tumshukuru Mungu kwa jambo gani hasa?
2. Ni neno gani tulilipokea bila kulipima?
3. Nani wa kabila jingine tutakayemtembelea?

Akina baba na akina mama, jadilini haya pamoja na watoto, maana nao husikia yanayosemwa. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.