Kitunga Kabla ya Soko
Somo kwa wakatekumeni wa vijijini

SHABAHA YA SOMO. Mkatekumeni ajue kwamba Mungu amemkabidhi mwanadamu dunia ili aitunze. Tena azoee kuchukua kitunga chake kila aendapo sokoni, asirudi na mifuko ya plastiki ya kutupwa.

1. JAMBO LENYEWE

Katika teritwari ya Yahuma, jimbo la Tshopo, siku ya soko ni siku kubwa. Watu hutoka vijijini alfajiri wakichukua muhogo, ndizi, mafuta ya mawese, sombe na samaki. Jioni hurudi na chumvi, sabuni, sukari, mchele na makayabu, vitu ambavyo vimesafiri kutoka Kisangani kwa mtumbwi, kwa pikipiki au kwa baiskeli.

Zamani mzigo huo wote ulirudi nyumbani ndani ya kitunga cha kekele, mgongoni mwa mama, na samaki walifungwa katika majani ya mangongo. Jani likiisha kutumika lilitupwa nyuma ya nyumba, na baada ya mvua chache lilikuwa udongo. Kitunga nacho kilitumika miaka, na kilipochakaa kiliwashia moto jikoni.

Siku hizi mambo yamegeuka. Chumvi hutiwa katika mfuko mwembamba wa plastiki, ambao watu huuita sashe. Sukari hutiwa katika sashe yake. Makayabu katika sashe yake. Kisha zote hutiwa katika sashe moja kubwa. Mtu aliyenunua vitu sita huingia nyumbani na mifuko saba. Kabla ya usiku mifuko hiyo yote saba imekwisha kutupwa uani. Na juma lijalo ataleta mingine saba.

2. MADHARA YAKE

Jani huoza kwa sababu wadudu na vijidudu vya udongo hulila. Plastiki haifanyi hivyo, maana imetengenezwa kwa mafuta ya petroli au kwa gesi itokayo ardhini, na viumbe vya udongo havijui kuila. Jua huikausha, huipasua, na kuifanya vipande vidogo vidogo. Lakini vipande hivyo hukaa ardhini na majini muda mrefu kupita maisha ya mtu aliyeitupa.

Madhara yake yanaonekana kwa macho. Mbuzi hula sashe yenye harufu ya chumvi au ya samaki. Plastiki hujikusanya tumboni mwake, naye hukonda, pengine hufa. Sashe iliyolala wazi hushika maji ya mvua, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Sashe zilizofukiwa shambani huzuia maji kupenya ardhini, na mizizi ya muhogo hukosa njia. Mvua kubwa huzikokota hadi kijitoni, na kijito hadi mtoni, ambako samaki humeza vipande vyake.

Wengine husema: "Basi na tuzichome." Lakini moshi wa plastiki ni moshi mbaya wenye sumu. Mama aliyeinamia moto huo na mtoto aliye mgongoni mwake huuvuta pamoja. Wala kijijini hakuna gari la kuzoa takataka. Kwa hiyo dawa iliyo bora ni moja: sashe isiingie kijijini tangu mwanzo.

3. NENO LA MUNGU

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, aya ya 15, chafundisha kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani kwa kazi mbili: ailime na aitunze. Mtu hakupewa bustani ili aiharibu. Yeye ni mtunzaji, na mtunzaji hutoa hesabu kwa mwenye mali.

Injili ya Yoane, sura ya 6, yatueleza jinsi Bwana wetu Yezu Kristu alivyowalisha wanaume wapata 5,000 kwa mikate 5 ya shayiri na samaki 2. Watu walipokwisha kushiba, Yezu hakuondoka. Aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee hata kimoja. Nao wakajaza vikapu 12. Mkatekumeni atafakari jambo hili. Yule aliyeweza kufanya mikate kutoka katika mikate michache hakuwa na haja ya makombo. Lakini hakutaka kipawa cha Mungu kiachwe kukanyagwa majanini. Muujiza ulianza kwa shukrani, ukamalizika kwa kukusanya.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, twasoma muujiza mwingine wa mikate, na hapo vilijazwa vikapu 7. Lugha ya Kiyunani yaviita kwa neno lile lile lililotumiwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, kwa kikapu ambacho waamini walimshushia Mtume Paulo ukutani, usiku, huko Damasko, adui zake wasimwue. Kikapu ni chombo cha watu wanyenyekevu, lakini kimefanya kazi kubwa katika habari za wokovu.

4. MAFUNDISHO YA KANISA NA SHERIA ZA NCHI

Tarehe 24 Mei 2015 Baba Mtakatifu Papa Fransisko alitoa barua kwa ulimwengu wote, iitwayo Laudato Si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba yetu sote. Katika fungu la 211 alitaja matendo madogo ya kila siku yafaayo kumlea Mkristu, na miongoni mwayo ni kupunguza matumizi ya plastiki. Papa huyo alifika Kinshasa kuwatembelea Wakongo mwaka 2023, akafariki dunia tarehe 21 Aprili 2025. Mafundisho yake yanabaki.

Serikali ya Kongo nayo, kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Hata hivyo sashe bado zinaonekana masokoni. Nchi nyingine zimefanya vivyo hivyo: Rwanda tangu mwaka 2008, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Msafiri aingiaye Rwanda na mifuko hiyo hunyang'anywa mpakani. Huko woga wa askari umewafundisha watu kuchukua vikapu. Mkristu asingoje askari. Sheria iliyo ya haki huifuata kwa sababu ya dhamiri yake, hata pale ambapo hakuna amwonaye ila Mungu.

5. JE, KUSAHAU NI DHAMBI?

Watu wengi hawakatai mafundisho haya. Wana vitunga nyumbani. Taabu yao ni kusahau. Mtu hufika sokoni, hununua chumvi, ndipo akumbukapo kwamba kitunga kimebaki ukutani. Husema, "Leo nitachukua sashe, juma lijalo nitakumbuka." Na juma lijalo husahau tena.

Kanisa lafundisha kwamba hakuna dhambi pasipo kujua na kutaka. Anayesahau bila kutaka hana hatia. Lakini anayejua kwamba husahau mara kwa mara, wala hatafuti njia ya kukumbuka, huyo ameanza kuingia katika uzembe. Na uzembe una hatia yake.

Yezu alitoa mfano wa wanawali kumi (Mateo, sura ya 25). Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia. Tofauti yao ilikuwa moja tu: watano walichukua mafuta katika vyombo vyao walipotoka nyumbani, na watano hawakuchukua. Mfano huo wahusu kwanza kuja kwake Bwana, na kila mkatekumeni aungojee ujio huo. Lakini wafundisha pia tabia ya mtu mwenye busara: hufikiri haja yake kabla ya kuondoka, wala si baada ya kufika. Na katika Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana asema kwamba mwaminifu katika jambo dogo atakuwa mwaminifu katika kubwa. Mkatekumeni ajiandaaye kushika ahadi za ubatizo maisha yake yote ajizoeze kwanza kushika ahadi ya kitunga kwa juma moja.

6. NJIA ZA KUKUMBUKA

Kwanza: kitunga kitundikwe karibu na mlango, mahali ambapo mtu hawezi kutoka asikione. Kilichofichwa chini ya kitanda husahauliwa.

Pili: kikiisha kumwagwa vitu, kirudishwe mlangoni saa ile ile. Wengi husahau kitunga siku ya soko kwa sababu hawakukirudisha mahali pake siku ya soko iliyotangulia.

Tatu: fedha na kitunga viende pamoja. Ashikapo fedha za soko, mtu ashike na kitunga. Akifanya ishara ya msalaba kabla ya kuvuka mlango, mkono wa kushoto uwe umekwisha kukishika.

Nne: mtoto mmoja apewe kazi ya kuuliza, "Mama, kitunga kiko wapi?" Watoto hupenda kazi ya namna hiyo, wala hawaisahau.

Tano: mfuko mwepesi wa kitambaa au wa gunia ukunjwe na kufungwa kwenye baiskeli, au katika pindo la kitenge, kwa ajili ya safari isiyotazamiwa. Mtu aliyebuni mfuko wa plastiki wa namna tuijuayo, Sten Gustaf Thulin wa nchi ya Uswidi, aliyepata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1965, alikuwa na desturi hiyo: mwanawe ameeleza kwamba baba yake aliukunja mfuko akauweka mfukoni, apate kuutumia tena na tena. Hata yeye hakukusudia utupwe baada ya saa moja.

Sita: vyombo vya ndani visisahauliwe. Mafuta yahitaji chupa, chumvi na sukari zahitaji kopo lenye kifuniko, samaki wahitaji majani ya mangongo.

Na aliyesahau afanyeje? Kama nyumba iko karibu, arudi. Kama iko mbali, afunge vitu katika kitenge chake. Kama hana budi kupokea sashe, aipokee moja tu, aioshe nyumbani, aitumie tena mpaka ipasuke. Asikate tamaa, wala asiseme kwamba desturi imemshinda.

7. KUKITUNZA KITUNGA

Kuwa na mfuko mzuri si kitu, kama hautumiki. Wataalamu wa serikali ya Uingereza walipima jambo hili mwaka 2011. Walikuta kwamba kulima pamba na kufuma mfuko wake huigharimu dunia sana, hata mfuko huo ni lazima utumike mara 131 ndipo uwe na nafuu kuliko sashe nyepesi iliyotumika mara moja, kwa upande wa gesi zinazoipasha dunia joto. Basi anayenunua mifuko mizuri mitano na kuisahau yote nyumbani amefanya hasara juu ya hasara. Mtume Yakobo afundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Na kitunga kilichobaki ukutani ni kama imani hiyo.

Kitunga kipigwe maji, kisuguliwe na kuanikwa juani baada ya kubeba samaki au nyama. Samaki na nyama visiguse vitu viliwavyo vibichi. Kamba ikikatika, isukwe upya mara moja.

8. UPENDO SOKONI

Mama auzaye na mtoto apitaye na sashe za kuuza hutafuta chakula chao. Mkristu hawatukani wala hajivuni mbele yao. Husema kwa adabu, "Asante, Mama, usinipe sashe, tia humu kitungani." Mwuzaji naye hupata faida, maana sashe anayoitoa bure ameinunua kwa fedha zake. Na wasukaji wa vitunga kijijini hupata kazi, jambo ambalo ni haki na upendo pamoja.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mungu alimweka mtu katika bustani kwa kazi gani?
Jibu: Ailime na aitunze.

Swali: Kwa nini Yezu aliagiza vipande vikusanywe?
Jibu: Ili kipawa cha Mungu kisipotee.

Swali: Kwa nini sashe si kama jani la mangongo?
Jibu: Jani huoza likawa udongo, sashe hukaa muda mrefu na kuwadhuru watu, wanyama na mashamba.

Swali: Je, kusahau kitunga ni dhambi?
Jibu: Kusahau bila kutaka si dhambi, kutojali kukumbuka ni uzembe.

Swali: Kitunga kikae wapi?
Jibu: Karibu na mlango, kionekane kabla ya kutoka.

AZIMIO LA JUMA

Kila mkatekumeni atundike kitunga chake mlangoni leo hii, kabla ya kulala. Siku ya soko ahesabu sashe alizoingiza nyumbani, na katika mafundisho yajayo amwambie katekista hesabu yake kwa ukweli, ikiwa ni nyingi au ikiwa hakuna.

SALA

Ee Mungu Muumba, umetupa msitu, mto na shamba. Utusamehe tulivyovichafua. Utupe moyo wa kukumbuka yaliyo madogo, ili tusisahau yaliyo makubwa. Ubariki kitunga chetu kitokapo na kirudipo. Ubariki na mikono iliyokisuka. Kwa Yezu Kristu Bwana wetu. Amina.